Rumanyika I wa Karagwe

Rumanyika I Orugundu (alifariki takriban mwaka 1878) alikuwa mfalme (Omukama) wa Karagwe, ufalme uliokuwa magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika wilaya za sasa za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania. Alitoka ukoo wa Wahinda, wanaojihesabu kuwa wazao wa Ruhinda.

Kushika ufalme

Baba yake, Ndagara, alifariki katika miaka ya 1850. Ndugu yake Rogero naye alidai kiti. Rumanyika alishinda kwa msaada wa bunduki za watu wa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh (leo Tabora). Tangu hapo alikuwa rafiki wa wafanyabiashara wa pwani, ambao waliweka kituo chao Kafuro, karibu na makao yake Bweranyange. Hata hivyo ushindi haukuwa kamili: mwaka 1861 Rogero alikuwa bado hai, na mfalme alimwomba mgeni wake Mzungu dawa ya kummaliza.

Wageni

Mgeni huyo alikuwa John Hanning Speke, aliyefika Novemba 1861 pamoja na James Augustus Grant. Mfalme aliwapokea kwa Kiswahili kizuri, akataka kujua wanaionaje nchi yake. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, mguu ukiwa na kidonda kibaya, alibaki Karagwe hadi Aprili akitunzwa na mwenyeji wake. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876 na kupelekwa hadi chemchemi za maji moto za Mtagata, leo wilayani Kyerwa.

Sifa za upole wa Rumanyika zinatokana zaidi na vitabu vya wasafiri hao, watu waliohitaji chakula na ruhusa yake. Rogero angesimulia mengine.

Ng'ombe na malisho

Nguvu ya mfalme ilikuwa ng'ombe wa pembe ndefu. Hazina yake ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma, na wanawake wa jamaa ya kifalme walinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulihesabiwa uzuri.

Utajiri huo ulitegemea nyasi za vilima. Nyasi zikikomaa kiangazi huwa ngumu na hupoteza protini. Wafugaji wa Maziwa Makuu walizichoma ili zichipue upya, au walihamisha mifugo. Njia ya siku hizi ni kupanda mikunde, kama desmodiamu, ndani ya malisho yaliyopo bila kuyalima yote: ardhi hukwaruzwa, mbegu hufukiwa kidogo tu, na nyasi hulishwa fupi kwanza zisiifunike miche. Mikunde hunasa nitrojeni ya hewa na kurutubisha nyasi zenyewe.

Baada yake

Mwanawe Kayenje alimrithi, na ugomvi wa kiti ukaanza upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki. Karagwe, ambako mifugo ndiyo iliyowafunga watu kwa mfalme, haikurudia nguvu yake kabla ya Wajerumani kuitawala. Watawala wa ukoo huo waliendelea chini ya wakoloni hadi serikali ya Tanganyika ilipofuta utemi mwaka 1963.

Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019, ina jina lake.