Andreas Vesalius na Maana ya Kupasua Maiti

Anatomia leo ni jina la elimu ya maumbile ya mwili. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya awali ni tendo: kukatakata, kutenga kiungo na kiungo. Aliyeirudishia elimu hiyo tendo lake ni Andreas Vesalius.

Vesalius alizaliwa Brussels tarehe 31 Desemba 1514, katika ukoo wa matabibu. Alisoma Paris, kisha mwaka 1537 akapata shahada ya udaktari mjini Padua, Italia. Papo hapo alikabidhiwa kazi ya kufundisha upasuaji na anatomia, naye hajatimiza miaka 23.

Zama hizo, mwalimu aghalabu aliketi juu ya kiti chake akisoma maandishi ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, huku kinyozi akipasua maiti mbele ya wanafunzi. Jicho lilipohitilafiana na kitabu, kilichosadikiwa ni kitabu. Vesalius alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Ndipo alipotambua kwamba mengi aliyoyaeleza Galen kuhusu binadamu aliyaona kwa wanyama. Mathalani, taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili.

Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha Basel mwaka 1543, akiwa na umri wa miaka 28, katika kitabu kiitwacho De humani corporis fabrica, chenye sehemu saba na michoro mingi. Jacobus Sylvius, aliyekuwa mwalimu wake Paris, alimshutumu vikali kwa kumkosoa Galen. Vesalius aliacha kufundisha, akawa tabibu wa Kaisari Charles wa Tano. Alifariki mwaka 1564 katika kisiwa cha Zakynthos, akirejea kutoka Yerusalemu.

Wengi wa maiti aliowapasua walikuwa watu waliohukumiwa kifo. Ridhaa yao haikutakwa, wala majina yao hayakuandikwa katika sifa za kitabu. Elimu hiyo ina deni kwao.

Katika Kiswahili, kitenzi pasua hutumika kwa mgonjwa na kwa maiti pia. Kwa hiyo mfasiri hana budi kubainisha. Upasuaji, neno hilo likisimama peke yake, humpeleka msomaji kwenye tiba. Uchunguzi wa maiti, kwa kawaida, hutafuta sababu ya kifo. Vesalius hakuwa akiponya, wala hakuwa akiuliza marehemu alikufa kwa nini. Alitaka kujua mwili ulivyoumbwa. Kazi yake iitwe kupasua maiti kwa ajili ya elimu, na elimu iliyotokana nayo iitwe anatomia. Atakayeandika upasuaji tu atakuwa amempa msomaji mgonjwa mahali palipokuwa na maiti.