Jason Sendwe, muuguzi aliyeingia bungeni

Hapa Lubumbashi jina la Sendwe tunalitaja karibu kila juma. Mama fulani amelazwa Sendwe, mtoto wa fulani amezaliwa Sendwe, kesho tunakwenda Sendwe kuombea wagonjwa. Vijana wetu wengi wanadhani ni jina la mahali. Ni jina la mtu, tena mtu aliyelelewa katika makanisa yetu ya Kiprotestanti. Kwa kuwa aliuawa katika mwezi wa sita, tumeona vema tumkumbuke.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 upande wa Kabongo, katika nchi ya Waluba. Alisoma katika shule za misioni ya Wamethodisti waliotoka Marekani. Alitamani kuwa daktari, lakini katika Kongo ya Wabelgiji hapakuwa na shule ambayo ingemfikisha Mkongo kwenye kazi hiyo. Chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1954, yeye akiwa na miaka 37. Basi alihubiri, akafundisha, akawa muuguzi.

Siasa aliingia kwa mlango wa kabila, na hilo hatulifichi. Aliongoza Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga. Mwanzoni mwa mwaka 1959 chama hicho kiliungana na Conakat, lakini kabla mwaka haujaisha wakaachana. Conakat ilikuwa karibu mno na walowezi wa Kizungu waliotaka Katanga iende njia yake na madini yake. Sendwe alishika umoja wa Kongo, na hakuuacha mpaka kufa.

Mwezi wa tano 1960 alichaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Katika bunge la jimbo Conakat ilipata viti 25 kati ya 60. Wajumbe wa upande wa Sendwe walisusa vikao, na bila theluthi mbili ya wajumbe kuwapo serikali ya jimbo haikuweza kuundwa. Ndipo bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya uhuru, na Conakat ikaunda serikali peke yake. Sisi tunaona kwamba sehemu kubwa ya maafa yaliyofuata ilipandwa katika siku hizo. Lumumba alitaka Sendwe awe mwakilishi wa serikali kuu huku Katanga. Lakini tarehe 11 mwezi wa saba Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na kazi ile ikabaki kwenye karatasi.

Hapa tusimame kidogo. Tshombe naye alikuwa Mmethodisti, naye alifundishwa na wamisionari wa Marekani. Watoto wawili wa misioni ileile walisimama kila mmoja upande wake wa vita. Kaskazini mwa Katanga vijiji viliteketezwa na askari wa Tshombe. Vijana waliojiita wa Balubakat nao walimwaga damu: kule Niemba, mwezi wa kumi na moja 1960, askari tisa wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa waliuawa na wapiganaji wa Kiluba. Mwaka 1961, hapa mjini petu, Waluba zaidi ya 30,000 walikimbia nyumba zao na kulala kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Wazee wetu wengine walikuwa watoto kambini mle, na wengine wazazi wao walikuwa upande wa pili. Leo wanakaa benchi moja kanisani, na habari hiyo hawaizungumzi.

Mwezi wa nane 1961 Sendwe akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Adoula, mpaka mwanzo wa 1963, wakati kujitenga kwa Katanga kulipokwisha. Kule Marekani walikotoka walimu wake, mtu huweza kuzeeka bungeni, akichaguliwa tena na tena. Sendwe hakupewa miaka hiyo. Mwezi wa tisa 1963 alikubali kuongoza jimbo la Katanga Kaskazini, makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo. Jimbo lilikuwa limechoka kwa vita na njaa, na wanasiasa wenzake walimpinga. Wakati mmoja aliondolewa kitini, kisha akarudi.

Mwezi wa sita 1964 waasi waliuteka mji wa Albertville, na Sendwe akauawa tarehe 19. Alikuwa na miaka 47 hivi.

Hospitali kubwa ya mji wetu ikapewa jina lake. Humo ndimo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanakuja kujifunza kazi. Juma lijalo, mkienda kuombea wagonjwa, waambieni vijana mlio nao Sendwe alikuwa nani.