Daktari Gorgas, Mtu wa Mbu Aliyekuja Johannesburg

Watoto wetu waliotembelea Makumbusho ya Wafanyakazi hapa Newtown wameviona vitanda vya zege vilivyobanana, walimolala wanaume waliotoka mbali kutafuta riziki. Malazi ya namna hiyo ndiyo aliyoyachunguza mjini hapa, kuanzia Desemba 1913, daktari Mmarekani aliyesifika dunia nzima kwa kupigana na mbu.

William Crawford Gorgas alizaliwa Alabama mwaka 1854, akawa daktari wa jeshi. Akiwa Texas aliugua homa ya manjano, akapona. Basi kila ilipozuka, alipelekwa yeye. Mcuba Carlos Finlay alikuwa amesema tangu 1881 kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu. Gorgas mwenyewe hakusadiki mpaka ulipothibitishwa Havana mwaka 1900. Aliposadiki, aliusafisha mji ule katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Mwaka 1904 akapelekwa Panama, ambako Wafaransa walikuwa wameshindwa kuchimba mfereji na kupoteza watu wapatao 20,000. Katika hospitali yao, miguu ya vitanda iliwekwa kwenye vyombo vya maji ili sisimizi wasipande. Kumbe mbu walikuwa wakizaliana humo humo, chini ya wagonjwa! Wakubwa wa Gorgas waliona ni upuuzi kutumia fedha kwa kufukuza wadudu, lakini Rais Roosevelt alimuunga mkono. Vikosi vyake viliingia nyumba kwa nyumba: mapipa yakafunikwa, madirisha yakatiwa wavu, madimbwi yakakaushwa au kumwagiwa mafuta ili viluwiluwi wakose pumzi. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku kumi hivi, kwa hiyo ilibidi kurudia kila wiki. Kufikia mwisho wa 1905 homa ya manjano ilikuwa imekwisha katika Jiji la Panama. Malaria ilipungua sana, ila haikuisha; mbu wake huzaliana hata vinamasini, mbali na mapipa ya nyumbani. (Wanaokwenda nyumbani Desemba hii wasisahau chandarua. Watoto waliokulia huku juu hawajaizoea malaria.)

Johannesburg hapakuwa na mbu wa kulaumiwa. Wachimbaji walikufa kwa nimonia, hasa waliotoka nchi za joto kaskazini, hata serikali ikapiga marufuku kuwaleta mwaka huohuo wa 1913. Chama cha wenye migodi ndicho kilichomwita. Gorgas alitazama kama alivyotazama Panama: mtu analala wapi, na amelala na wangapi. Akashauri msongamano upunguzwe, na wafanyakazi waishi na wake na watoto wao. Orenstein, aliyefanya naye kazi Panama, alikuja hapa baadaye kusimamia afya migodini. Ushauri wa familia haukufuatwa kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana wazee wetu wa Tanganyika walioletwa na Wenela miaka ya baadaye walikuja peke yao.

Gorgas alifariki London Julai 1920, akiwa njiani kwenda Afrika Magharibi kuitafuta homa ya manjano.