Maisha ya Semei Kakungulu, Mtu Aliyeishika Sabato

Vijana wetu waliuliza kwenye mafundisho kama Wayahudi wapo katika Afrika Mashariki hii au wapo kwenye Biblia tu. Wapo. Wako Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaitwa Abayudaya, na chanzo chao ni mtu mmoja, Semei Kakungulu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869. Inasimuliwa kwamba mmisionari wa Kiprotestanti alimfundisha kusoma Biblia kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoandikia, kwa maana Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa bado. Ilikuja kutimia mwaka 1896. Vita vya dini vilipoanza Buganda mwaka 1888 alipigana upande wa Waprotestanti, akawa jemadari mwenye sifa. Alishindania ukubwa na Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, akashindwa, akahamia mashariki na watu wake. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliomkamata Kabalega wa Bunyoro pamoja na Kabaka Mwanga, ambaye zamani alikuwa bwana wake mwenyewe. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli.

Kisha aliitwaa nchi ya mashariki kwa bunduki. Alijenga ngome, akalima barabara, akapanda miti, na mji wa Mbale yeye ndiye mwanzilishi wake. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Wenyeji wa nchi ile hawakumwita, na sisi tuliokimbia bunduki hatuwezi kuisoma sehemu hiyo tukiwa tunatabasamu.

Kakungulu alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi aliyowatekea. Haikuwa. Walimwondoa Budaka palipokuwa makao yake, wakampa ardhi Mbale. Mwaka 1906 wakampeleka Busoga kusimamia baraza la machifu, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa chifu wa kawaida chini ya afisa wa kizungu. Miaka ikapita, ahadi ikapita nayo.

Ndugu zetu wa Rumonge, jambo hili hatuhitaji kuelezwa. Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972, damu ilipomwagika kwenye pwani yetu kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, wakaacha michikichi shambani. Waliorudi baada ya miaka mingi walikuta wengine wanakamua mawese ya michikichi ile, na hao wengine nao walikuwa na karatasi zao na watoto wao waliozaliwa pale pale. Kisha mwaka 2015 wengi wetu tukatoka tena. Tunajua mtu aliyeahidiwa na kunyimwa anavyolala usiku. Tumewaona wazee wetu wakihesabu michikichi kwa vidole, mstari kwa mstari, mpaka usingizi uwachukue.

Kakungulu naye alikuwa na uchungu, wala haukumwisha upesi. Alijitenga akakaa Gangama, chini ya mlima Elgon, akawa anasoma. Kwanza alijiunga na Wamalaki, dini iliyokataa dawa zote, za watu na za ng'ombe. Hapo hatumfuati hata hatua moja. Akina mama, pelekeni watoto kwenye chanjo.

Aliposoma habari za Abrahamu katika Mwanzo sura ya 17, kwamba tohara ni agano la milele, alitaka kujua ni nani aliyeliondoa. Wamalaki wakamwambia tohara ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe na wafuasi wake. Fikirini, mtu wa miaka hamsini hivi! Na alifanya hivyo kwa kusoma tu, bila mwalimu wa Kiyahudi karibu naye. Mwalimu alipatikana mwaka 1920, mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef, akakaa nao karibu miezi sita akiwafundisha kalenda, sala, vyakula na jinsi ya kushika Sabato. Baadaye Kakungulu aliandika kitabu cha Kiganda cha kuwafundisha watu wake.

Tangu hapo siku yao ya saba huanza Ijumaa jua likizama. Chakula kimeshapikwa, moto hauwashwi, jembe limewekwa ndani. Sisi watu wa ziwa tuna kitu kinachofanana kidogo. Mnakumbuka mbalamwezi: mwezi ukijaa ndagala hawazifuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na watoto wanawaona baba zao mchana. Ila sisi tulipumzika kwa sababu hakukuwa na samaki. Wale wa Gangama waliacha kazi hata kama mvua imenyesha na shamba linawaita, mwaka wa njaa na mwaka wa shibe. Tujiulize hapa kambini, ambako siku zote zinafanana na wengi hawana kazi ya kuacha, pumziko letu ni la namna gani.

Hatutaficha kwamba alimwacha Yesu, na sisi tunalisikitikia hilo. Lakini hakuondoka kwa kupuuza Neno, aliondoka akiwa amelishika mkononi, na tungependa kuona waumini wetu wengi zaidi wakisoma kwa bidii namna ile.

Alikufa tarehe 24 Novemba 1928. Ufalme hakuupata. Wafuasi wake walipungua, na Idi Amin, aliyetawala mwaka 1971 hadi 1979, alipoipiga marufuku dini yao walibaki kama mia tatu hivi, wengine wakisali kwa kujificha. Amin alipoanguka walianza kukusanyika tena. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi baada ya kusoma Marekani, na sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale.

Vijana wameuliza pia kama tunaweza kwenda kuwatembelea. Mbale ni mbali, iko upande wa pili wa nchi, na nauli si ndogo. Wazee wa kanisa watalizungumza katika kikao kijacho.