Karani wa wanamaji aliyeanza rekoda akiwa na miaka 35

KAMA umepitia shule ya msingi hapa Kenya, huenda unaijua rekoda. Ni ile filimbi ya plastiki ambayo darasa zima likiipuliza kwa pamoja, mwalimu wa darasa jirani anafunga madirisha. Wengi wetu tuliiacha hapo hapo. Sasa hebu twende London ya mwaka 1668, kwa jamaa mmoja aliyeinunua kwa pesa zake mwenyewe, akiwa na miaka 35, bila kulazimishwa na mwalimu yeyote.

Anaitwa Samuel Pepys. Usihangaike na herufi hizo, jina lenyewe hutamkwa Pips.

Alizaliwa Februari 23, 1633, mtoto wa mshonaji nguo. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1660 akapata kazi ya ukarani katika ofisi iliyosimamia meli za kivita za mfalme wa Uingereza. Usidhani ni ukarani wa kupiga mihuri tu. Mbao, kamba, chakula cha mabaharia, mishahara, vyote vilipita mbele ya ofisi yake. Januari mwaka huo huo alikuwa ameanza kuandika shajara kwa hati mkato. Aliendelea nayo kwa zaidi ya miaka tisa, na ndiyo sababu mambo yake tunayajua hadi leo, hata yale ya aibu.

Na ya aibu yalikuwepo, tena mengi. Mojawapo ni hesabu. Huyu msomi wa Cambridge alifika miaka 29 kabla ya kujua jedwali la kuzidisha! Mwaka 1662 alimwita baharia mmoja, Cooper, amfundishe kuanzia mwanzo kabisa, akawa anadamka saa kumi alfajiri kukariri kile ambacho wewe ulikariri ukiwa mtoto. Alikuwa na sababu: karani asiyejua kupima mbao ataibiwa na wauza mbao mchana kweupe.

Kwa hivyo, mambo ya kuanza sifuri ukubwani hayakuwa mageni kwake.

Muziki nao alikuwa nao damuni. Aliimba, alipiga luti na ala nyingine za nyuzi, na mfukoni alipenda kutembea na flajoleti, kifilimbi chenye matundu manne mbele na mawili nyuma. Mwaka 1667 mwalimu Thomas Greeting alikuwa anakuja nyumbani kumfundisha mkewe, Elisabeth, kupiga hiyo flajoleti.

Halafu ikaja Februari 27, 1668. Pepys na mkewe walienda kutazama mchezo wa kuigiza uitwao The Virgin Martyr. Mchezo wenyewe haukumtikisa sana. Kilichomtikisa ni muziki wa ala za kupuliza uliopigwa malaika alipokuwa anashuka jukwaani. Ulimwingia hadi akajihisi mgonjwa, ugonjwa ule ule aliousikia zamani alipompenda Elisabeth kwa mara ya kwanza. Usiku kucha hakuweza kuwaza kitu kingine. Akaamua pale pale kwamba lazima ajifunze ala za kupuliza, na mkewe pia.

Lakini kwanza kulikuwa na balaa la kazini. Juni 1667 Waholanzi walikuwa wameingia mto Medway, wakachoma meli za Waingereza na kuikokota Royal Charles hadi kwao. Bunge lilitaka mtu wa kubeba lawama. Machi 5, 1668, siku chache tu baada ya ule mchezo, Pepys alisimama mbele ya wabunge akaitetea ofisi yake kwa zaidi ya saa tatu, akiwa amejipa moyo kwanza kwa divai na brandi. Angeteleza hapo, kazi ingekwenda na jina pia. Hakuteleza. Watu wakamsifu mji mzima.

Mwezi uliofuata, Aprili 8, mtu huyo huyo alienda kwa Drumbleby, fundi wa filimbi, akapiga naye gumzo refu kuhusu ala hizo, kisha akanunua rekoda. Aprili 16 akaanza kujifunza.

Ukiwahi kuishika utajua kilichomngoja. Rekoda ina matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Mkono wa kushoto hukaa juu, wa kulia chini. Kidole kikiacha upenyo mdogo tu, sauti inapiga kelele kama mlango mkavu. Ukipuliza kwa nguvu inapaa, ukipuliza kwa uvivu inazama. Ulimi nao una kazi, kugusa nyuma ya meno kila noti inapoanza. Kujua flajoleti kulimsaidia pumzi, ila vidole vyake vilizoea matundu sita yaliyopangwa tofauti, na kidole kilichozoea vibaya ni kigumu kuliko kisichojua kitu.

Pia macho yake yalikuwa yanamsumbua, baada ya miaka ya kuandika kwa mwanga wa mshumaa. Nadhani filimbi ilimfaa kwa hilo, kwa sababu wimbo ukishaujua hauhitaji macho. Shajara ilihitaji. Mei 31, 1669 aliifunga kabisa kwa hofu kwamba angekuwa kipofu, ingawa hakupofuka.

Miezi michache baadaye, Novemba 10, Elisabeth akafariki kwa homa, akiwa na miaka 29. Pepys alikuwa amemkosea mara nyingi kwa wanawake wengine, na mwenyewe alikuwa ameandika. Hakuoa tena.

Aliishi hadi 1703, akapanda hadi kuwa katibu wa jeshi la wanamaji na rais wa Royal Society, ile jumuiya ya wanasayansi. Filimbi haikumpa umaarufu wowote. Lakini akiwa kwenye miaka ya arobaini alimweka nyumbani mwanamuziki aitwaye Cesare Morelli, akaanza upya tena, safari hii na gitaa, ala ambayo zamani aliidharau na kuiita kitu cha kuchezea.