Orson Welles, mtu aliyefanya watu waamini redio kupita kiasi

Siku ya Mungu tarehe 30 mwezi wa kumi 1938, saa mbili za usiku, redio CBS ya Marekani ilianza kupitisha mchezo wa kuigiza. Kiisha dakika chache, kuko wasikilizaji ambao kwao haikuwa tena mchezo. Walisikia mwandishi habari anatangaza kwamba kitu kimeanguka kutoka mbinguni katika jimbo la New Jersey, kwamba ndani yake munatoka viumbe wa sayari ya Mars, na kwamba wanaunguza watu na moto. Wamoja wakapigia polisi simu, wengine wakatoka inje, wengine wakaanza kusali.

Aliyekuwa mbele ya mikro aliitwa Orson Welles. Alikuwa na miaka 23.

Sisi watu wa redio tunaishi na habari hii kila siku, hata kama ni wachache wanajua jina la huyu mtu. Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, neno moja tu kwamba wenye silaha wameingia inatosha ili kijiji kizima kibebe magodoro kichwani na kushika njia. Ndiyo sababu maisha ya Welles yanafaa kusimuliwa. Alijua kuliko wengi namna ya kufanya kitu cha kutunga kionekane cha kweli. Na maisha yake yanaonyesha pia kile kinachofuata wakati watu wamekwisha kuamini.

Mtoto yatima mwenye sauti ya mzee

Orson Welles alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tano 1915 katika muji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin. Mama yake alikuwa mpiga piano. Alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka 9 tu. Baba yake alikuwa na makuta, lakini pombe ilimushinda, naye akafa mwaka wa 1930. Kwa hiyo Orson alikuwa yatima kabisa akiwa na miaka 15.

Kilichomushika ni masomo. Katika shule ya Todd, muji wa Woodstock, mwalimu wake Roger Hill alimuachia nafasi ya kucheza na kuongoza michezo ya kuigiza. Kijana alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito sawa ya mtu mzima. Mwaka wa 1931, akiwa na miaka 16, alifika Ireland na kuingia katika jumba la michezo la Gate, kule Dublin. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliwaambia wakubwa wa pale kuwa yeye ni mchezaji mashuhuri wa New York. Ilikuwa uongo, na wao waliona ni uongo. Lakini waliona pia kwamba kijana anajua kazi, wakamupatia nafasi.

Ngoma za Afrika ndani ya Harlem

Mwaka wa 1936 Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi. Serkali ya Roosevelt ilianzisha mradi wa kupatia kazi wachezaji waliokosa kazi, na ndani yake mulikuwa kikundi cha Weusi katika kata ya Harlem, New York. Welles, akiwa na miaka 20, alipewa kuongoza mchezo wa Macbeth wa Shakespeare. Wachezaji wote walikuwa Weusi, zaidi ya 100, na wengi hawakuwa wamecheza Shakespeare hata siku moja.

Welles aliona kwamba ukivalisha watu wa Harlem nguo za zamani za Scotland, watazamaji watakaa pale sawa wageni. Akatoa hadithi kule Scotland na kuipeleka katika kisiwa kinachofanana na Haiti. Mahali pa wachawi wa Ulaya akaweka waganga wa vodun, na ngoma zikapigwa na kikundi kilichoongozwa na Asadata Dafora, mwana wa Sierra Leone. Mashairi ya Shakespeare yakabaki mashairi ya Shakespeare. Lakini sasa mtazamaji alisikia ngoma, akaona msitu, akaelewa hofu ya mfalme aliyeua ili akamate kiti. Usiku wa kwanza, tarehe 14 mwezi wa nne, watu walijaa barabarani mpaka magari yakakosa pa kupita.

Mwaka uliofuata, yeye na rafiki yake John Houseman wakaanzisha kikundi chao, Mercury Theatre. Wakacheza Julius Caesar, na mahali pa kuvaa mashuka ya Waroma wa zamani, wachezaji walivaa uniforme sawa ya watu wa Mussolini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba wanazungumzia watawala wa wakati ule.

Hapa tunaona siri yake ya kwanza: tafuta kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari mwilini mwake, kiisha weka hadithi juu yake.

Usiku wa Mars

Siri hiyo ndiyo alipeleka kwenye redio. Kitabu cha viumbe wa Mars kiliandikwa na Mwingereza H. G. Wells mwaka wa 1898, na vita vyake vinapita Uingereza. Howard Koch, mwandishi wa kikundi, alileta vita hivyo New Jersey, kwenye kijiji cha Grover's Mill ambacho kiko kweli kwenye karte. Kitu kikubwa zaidi ni namna ya kusimulia. Hawakusimulia sawa hadithi. Walipiga muziki wa dansi, wakaukata na habari fupi, wakarudisha muziki, wakaukata tena. Wasikilizaji walikuwa wamezoea kabisa namna hiyo: mwezi mmoja mbele, wakati Hitler alikuwa anataka kukamata sehemu ya Tchécoslovaquie, redio zilikatisha vipindi kila mara kwa kutoa habari za hatari.

Frank Readick, mchezaji aliyeigiza mwandishi habari, alijifunza kwa kusikiliza mara nyingi sauti iliyorekodiwa mwaka wa 1937, wakati ndege kubwa ya Hindenburg iliungua mbele ya mwandishi habari wa kweli, naye akalia kwenye mikro. Ndani ya mchezo, mwandishi habari anaposhikwa na moto, sauti yake inakatika katikati ya neno. Kiisha, kimya. Hakuna muziki, hakuna spika. Sekunde chache tu, lakini kila mtu wa studio anajua urefu wa sekunde moja ya kimya kwenye redio. Welles alikataa kuifupisha.

Mwanzoni walisema wazi kwamba ni mchezo. Walisema tena katikati, na tena mwishoni. Shida ni kwamba wasikilizaji wengi walikuwa kwenye redio ingine yenye mcheshi wa kupendwa, na wale waliozungusha bouton na kuingia CBS katikati hawakusikia ile onyo la kwanza.

Tuseme ukweli wote. Kesho yake magazeti yaliandika sawa vile Marekani yote ilikimbia. Wachunguzi wa baadaye walionyesha kwamba waliongeza sana chumvi. Watu waliogopa kweli, lakini hakukuwa na mamilioni barabarani. Magazeti yalikuwa yanapoteza matangazo ya biashara juu ya redio, na ilikuwa faida yao kuonyesha kwamba redio ni kitu cha hatari. Kwa hiyo uongo ulikuwa mara mbili: mchezo ulioonekana habari, na habari iliyofanywa mchezo.

Kesho yake pia, Welles alisimama mbele ya waandishi akiwa hajanyoa ndevu, akaomba musamaha, akasema hakutazamia hayo. Miaka mingi kiisha alisema kinyume, kwamba walitaka makusudi kufundisha watu wasimeze kila kitu cha redio. Serkali haikumuazibu. Tena kampuni ya supu ikaja kulipia kipindi chake.

Lakini kule Quito, inchi ya Ekuador, mchezo huo ulirudiwa tarehe 12 mwezi wa pili 1949, kwa Kispanyola na majina ya kwao. Watu wakatoka barabarani. Wakati redio iliwaeleza kwamba ni mchezo, hofu ikageuka hasira. Wakachoma jengo lenye redio, na watu kadhaa wakafia ndani. Hilo ni somo ambalo kila mwenye mikro anapaswa kulibeba: mtu anaweza kukusamehe kumuogopesha, lakini kumuonyesha kwamba umemudanganya ni jambo lingine.

Filamu ya mto wetu ambayo haikutengenezwa

Wiki moja kiisha usiku wa Mars, Welles alipitisha redioni kitabu cha Joseph Conrad, Heart of Darkness. Conrad alipanda mto Kongo kwa mashua mwaka wa 1890, wakati wa Leopold II, na kitabu kinatoka katika safari hiyo. Mwaka wa 1939, nyumba ya sinema RKO ilimupatia Welles mkataba ambao kijana hakuwa amewahi kupewa, na filamu ya kwanza aliyotaka ni hiyo. Alitaka kamera ikuwe macho ya Marlow, Mzungu anayesimulia, ili mtazamaji ajisikie yeye mwenyewe ndani ya mashua.

Makuta yaliyohitajika yalikuwa mengi, vita ilikuwa imeanza Ulaya, na mradi ukaachwa. Sisi wa mto huo tunaweza kuuliza swali moja. Katika kitabu, Wakongomani karibu hawana jina. Kama kamera ni macho ya Mzungu tu, mtazamaji atasikia hofu ya Mzungu kwa undani kabisa, lakini hatasikia kamba kwenye shingo ya aliyebeba mizigo. Kufanya kitu kionekane cha kweli ni jambo moja. Ukweli wa nani, hilo ni jambo la pili.

Mahali pa filamu hiyo alitengeneza Citizen Kane, iliyotoka mwaka wa 1941, na wengi wanaihesabu kati ya filamu kubwa za dunia. Karibu na mwanzo muna habari za sinema za kutunga, na mkanda ulikwaruzwa makusudi ili uonekane wa zamani. Vyumba viliwekewa dari za kitambaa, na mikro zikafichwa juu yake. William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, aliona ni yeye anayesemwa, akapiga filamu vita. Tangu hapo Welles hakupata tena uhuru ule. Filamu iliyofuata, The Magnificent Ambersons, RKO ilikata zaidi ya dakika 40 wakati yeye alikuwa Brazil.

Macho ya Isaac Woodard

Sehemu ya maisha yake inayosimuliwa kidogo ndiyo tunapenda wasikilizaji wetu waijue. Mwezi wa pili 1946, Isaac Woodard, askari Mweusi aliyetoka vitani, alikuwa anarudi nyumbani na bisi, bado amevaa uniforme. Katika jimbo la South Carolina polisi walimushusha wakamupiga mpaka akapofuka macho yote mawili. Hakuna aliyejua jina la polisi yule.

Welles alichukua habari hiyo kwenye kipindi chake cha redio ABC, akaifuata wiki kwa wiki. Alitumia sauti ileile na kimya kilekile cha usiku wa Mars, lakini safari hii hakuna kilichotungwa. Aliapa kumutafuta yule polisi mpaka ajulikane. Kosa liliingia: Woodard, ambaye hakuona alipopelekwa, alitaja muji wa Aiken, na Welles akautaja redioni. Watu wa Aiken wakakasirika sana. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa Batesburg, na jina la polisi, Lynwood Shull, likajulikana na kutangazwa. Shull alipelekwa mahakamani, na wazee wa baraza, wote Wazungu, wakamuachilia kiisha nusu saa hivi. Mwaka huohuo kipindi cha Welles kikaisha. Lakini kesi ya Woodard ilimugusa rais Truman, na mwaka wa 1948 akatoa amri ya kuondoa ubaguzi katika jeshi.

Kazi bila makuta

Miaka iliyobaki Welles alizunguka Ulaya, akicheza katika filamu za wengine ili apate makuta ya filamu zake. Othello aliitengeneza Maroko na Italia kwa vipandevipande. Kule Mogador nguo za wachezaji hazikufika, basi akapiga picha za mauaji ndani ya bafu la mvuke, wachezaji wamejifunga taulo. Mtazamaji hajui kwamba ni shida ya makuta. Anaona tu jasho na hofu. Filamu ilipata zawadi kubwa Cannes mwaka wa 1952. Vijana wetu wa teatre wanaolalamika kwamba hawana vifaa waikumbuke hiyo taulo.

Orson Welles alikufa Los Angeles tarehe 10 mwezi wa kumi 1985, akiwa na miaka 70. Majivu yake yalizikwa Ronda, kule Uhispania. Aliacha filamu nyingi ambazo hazikumalizika.

Vitu alivyotumia tunavyo sisi pia: sauti, majina ya mahali watu wanapajua, kimya kwa wakati wake. Redio ndogo ya kata inaweza kuvitumia, na wenye kusambaza uongo kwenye simu wanavitumia tayari. Basi wewe msikilizaji, ukisikia habari ya kutisha, usikimbie na nusu yake. Rudi nyuma, uliza nani amesema, sikiliza redio ya pili. Mwaka wa 1938, waliofanya hivyo walilala usingizi wao vizuri.