Robert Angus Smith: Mkaguzi aliyepambana na asidi ya viwanda

MWENYE kiwanda anayeomba leseni ya kutoa gesi hewani siku hizi huulizwa kwanza kiwanda chake ni cha aina gani. Mmoja wa waliotangulia kuuliza swali hilo kwa nguvu ya sheria ni mwanakemia Robert Angus Smith.

Smith alizaliwa 1817 karibu na Glasgow, Scotland. Wazazi walimtarajia awe kasisi, lakini aliishia Giessen, Ujerumani, alikohitimu udaktari 1841 chini ya Justus von Liebig. Kisha akahamia Manchester.

Wakati huo Uingereza ilitengeneza magadi, ambayo hapa Kenya huchotwa tu ziwani, kwa kuunguza chumvi pamoja na asidi ya salfuriki. Gesi ya asidi ya hidrokloriki iliyotoka kwenye dohani ilikausha miti na mazao ya majirani. Dawa ilikuwepo: tangu 1836 William Gossage alikuwa amebuni mnara wenye maji yanayotiririka, gesi ikayeyuka humo. Wenye viwanda wengi walizembea kuutumia ipasavyo.

Sheria ya 1863 iliwalazimisha wanase asilimia 95 ya asidi hiyo, na Smith akawa mkaguzi mkuu wa kwanza. Alipendelea kushauri kuliko kushtaki. Wapo waliomwona mlegevu, ingawa kiasi kilichoponyoka kilipungua upesi.

Kasoro ilikuwa katika sheria yenyewe. Ilitaja viwanda vya magadi pekee. Jirani aliyetoa asidi ya aina nyingine hakuguswa, kana kwamba mahindi na ngano hubagua sumu. Isitoshe, asilimia tano ya kiwanda kikubwa ingeweza kuzidi uchafu wote wa kiwanda kidogo. Sheria ya 1874 iliongeza kikomo cha asidi katika kila ujazo wa gesi itokayo dohani.

Kati ya sheria hizo mbili, mwaka wa 1872, Smith alichapisha kitabu kuhusu hewa na mvua, kilicholieneza jina la mvua ya asidi.

Baada ya uchunguzi wa tume ya kifalme, sheria ya 1881 ilipanua orodha: viwanda vya asidi ya salfuriki, vya mbolea za kemikali na vinginevyo vikatakiwa kusajiliwa.

Smith alifariki Mei 1884 akiwa bado mkaguzi. Moshi wa makaa ya mawe, uliotanda Manchester kila kukicha, haukuwahi kuwa katika mamlaka yake.